Usiwape Wauza Tumbaku Magazeti Yako

Kitwe, machimboni

Baba Eliya, mume wangu,

Hujambo huko Chapwa? Goti linakuachia ulale? Mimi mzima, kifua tu kinakwaruza kwa moshi wa huku. Binti yetu Rehema amejifungua salama, mtoto wa kiume. Ana masikio yako, maskini.

Barua yako nilisomewa na binti wa jirani, huyu huyu anayeniandikia. Alipofika pale unaposema macho yamefifia, tundu la sindano hulioni tena, na magazeti yako yote utawapa wauza tumbaku wafungie, nilimwambia arudie. Akarudia. Nikasema, mzee huyu amerogwa.

Miaka yote hiyo! Magazeti ya wanaume wa Kizungu, uliyoanza kuyaokota ulipokuwa fundi kule Lupa kwenye dhahabu, ili ujifunze kukata suti. Nani aliyaanika juani kila kiangazi? Mimi. Kusoma sijui, lakini namjua mwenye kiko na mbwa, namjua mwenye baiskeli na soksi ndefu, namjua anayenyoa ndevu huku anacheka kama mwendawazimu.

Sasa sikiliza. Juzi mkwe wetu, anayempikia bwana mmoja wa mgodi, alileta furushi la magazeti ya zamani yaliyotupwa. Unajua mkwe na mimi, kwa mila yetu, hatutazamani usoni. Akaliweka mlangoni, akakohoa, akaenda zake. Rehema akadhani ni ya kuwashia mbaula, jiko lao la mkaa. Nilimkuta ameshachana moja.

"Weka chini, wewe!"

"Mama, si takataka tu?"

"Takataka ni ulimi wako. Hayo ni ya baba yako."

Nikayapekua. Nikamkuta yule mwenye koti la vifungo sita, na ukurasa wa nyuma yule mwanamke wa Kizungu, mapaja nje. Baba Eliya, nilikaa papo hapo mlangoni, nimelishika.

Ni nakala nyingine ya gazeti lile ulilodhani limeliwa na mchwa. Lako halikuliwa. Nililiwashia moto wa maharage. Nilikuwa na mimba ya huyu Rehema, nimevimba kama mtungi, nikakuona umeliinamia. Ulisema unatazama koti. Mimi nikaona mapaja. Kisha ukachimba kile kichuguu nyuma ya nyumba siku tatu, jasho linakutiririka, nami nakuletea maji kama sijui kitu. Mchwa wa watu hawakukosa lolote. Na lile koti ulilotaka kujishonea hukulishona tena.

Leo nimeliangalia vizuri. Kweli, koti ni zuri.

Nisamehe. Na hayo mengine usimpe mtu. Mtoto akikaza shingo napanda lori, nakuja na gazeti hili. Macho yakikataa, tutakaa nje, nikuambie kilichomo ukurasa kwa ukurasa, nawe uniambie mkasi upite wapi. Kukata nitakata mimi.

Msalimie Eliya, mwanetu mkubwa, na mkewe anayekupikia. Mwambie chumvi apunguze. Msalimie dada yako wa Kamsamba, akileta mchele aniwekee.

Usiponisamehe nitakuja hivyo hivyo, utanisamehe nikiwa nimeshakaa.

Mkeo wa siku zote,
Mama Eliya