Povu Lianzie Chumba cha Bibi

Baba,

Mafundi wa kupulizia povu la kuzuia joto darini watafika saa nne. Waanze na ~~sebule~~ chumba cha Bibi. Madirisha yaachwe wazi mpaka harufu iishe. Bibi naondoka naye, tutashinda kwa shangazi.

Asubuhi ulimwambia Mama, "Chumba cha mama yangu kirukwe. Kwani amebakiza siku ngapi?" Kuta zetu zina masikio, Baba. Nilipompelekea Bibi chai nilimkuta amezima feni, jasho linamtiririka. "Na mimi niwasaidie kubana umeme," akasema, akicheka.

Nilishindwa kukwambia usoni. Povu lisipotosha, wakiruke changu.

Tukirudi jioni, tafadhali, feni mwashie wewe.

Kitinda mimba wako