Vestina, Nimchagulie Kipi?

Vestina, pokea simu! Basi soma.

Nimejificha kwenye chumba cha kujaribia nguo, dukani hapa Kasulu. Yule mteja wangu wa Ulaya, Aline, aliyenikodi nimchagulie nguo, mwenye gari la vioo vyeusi na dereva wake, ANAELEWA KIHA.

Tangu asubuhi namchagulia vitenge vya bei mbaya, anakataa vyote. Mimi na dereva, Niyubahwe, tunamsengenya kwa Kiha mbele yake, tunacheka. Si tulijua ni Mzungu mweusi tu?

Mwisho nikamwambia Niyubahwe, "Huyu anachagua kama anamvisha malkia. Na miguu ile haijawahi kukanyaga tope."

Shoga, akageuka. Akajibu kwa Kirundi, ndugu wa Kiha chetu, polepole, bila hata kukasirika: "Namvisha mama yangu."



"Na tope nimelikanyaga. Mwaka tisini na saba, kwenye kambi ya wakimbizi hapo, tulimzika mama amevikwa blanketi la msaada. Kesho tunahamisha kaburi. Nataka avae vizuri."

Blanketi, Vestina! Na mimi nilikuwa nacheka!

Niyubahwe kakimbilia nje, eti anafuta vioo. Kaniacha peke yangu, mwanaume mzima!

Nilidhani nimefukuzwa. Kumbe Aline akanishika mkono: "Wewe ndiye unayejua nguo. Mchagulie."

Vitenge viwili viko mapajani, cha njano na cha bluu. Yuko nje ya pazia, naviona viatu vyake.

Vestina, wewe ulimvisha mama yako siku ya kumzika. Nimchagulie kipi?