Simu Yako ya Chumbani Imehamia Sebuleni

Baba Nyangeta, binti yako amepata kazi! Kampuni ya Arusha, na ataifanyia hapahapa Buhare, Musoma, sebuleni kwetu, kwa laini yetu ya simu ya mezani. Ileile ambayo majirani walikuwaga wanakwambia uikate, eti imepitwa na wakati. Nimewapitia nyumba kwa nyumba. Dada yangu wa Nyasura, kule Bunda, nimempigia mara mbili, asije akasema hakusikia vizuri.

Haya, sasa nikusalimu. Hujambo huko? Mimi situlii. Nakaa, nasimama, nafagia palipofagiwa.

Unakumbuka zamani mtoto akiingia mtandaoni, hakuna simu inayoingia? Ulikuwa unasimama mlangoni: "Nyangeta, toka huko, shangazi yako anapiga!" Siku hizi fundi ameweka kiboksi, sauti na mtandao vinapita waya mmoja bila kugombana. Kwenye simu akachomeka kidude kinaitwa kichujio. Akasema kila simu humu ndani lazima iwe nacho, la sivyo ikilia inakata mtandao. "Mama, simu ni hii tu?" Nikamjibu ni hii tu.

Wewe unajua si hii tu. Ile yako nyekundu ya chumbani sijawahi kuichomoa. Wala sikumdanganya fundi. Kwangu ile haikuwa simu, ilikuwa upande wako wa kitanda. Ikilia, bado nasubiri ukohoe kwanza ndipo useme haloo.

Siku ya intavyuu mwanao kavaa koti juu, chini khanga. Wakubwa watatu kwenye kompyuta. Anashusha Kiingereza, mimi nyuma ya pazia sielewi hata neno, ila najua anawaweza. Mara simu ikalia nyumba nzima. Wakubwa wakaganda midomo wazi, wakapotea.

Alikuwa dada yako Wegesa, Butiama. Anapigaga namba hii tu, ndiyo aliyo nayo kichwani. "Wifi, mbona unahema, umekimbizwa na fisi?" Alitaka tupange siku ya kukuwekea msalaba. Nikamwomba apige mchana. Akanuna: "Leo naambiwa mchana kwenye nyumba ya kaka yangu? Nikipiga nisipopokelewa, tutapanga wenyewe." Na unawajua watu wa kwenu, siku wakishaipanga haipanguki.

Wakubwa nao wakatuma ujumbe: saa nane tunajaribu tena, ikikatika nafasi anapewa mwingine.

Nyangeta akaufuata waya ukutani mpaka chumbani kwetu. Akaiona. Akasimama tu pale, mtoto yule, hakunilaumu. "Mama, kichujio ni kimoja. Moja lazima itoke."

Alidhani nitalia. Ile ya sebuleni ndiyo niliyoichomoa, nikaitupa kabatini. Halafu nikaingia chumbani, nikaichomoa ya kwako kwa mkono wangu mwenyewe. Pale ilipokuwa, juu ya meza ya upande wako, pakabaki duara safi kwenye vumbi... Nikashindwa kupafuta. Nikaileta sebuleni, ikavishwa kichujio, ikakaa kando ya kompyuta.

Saa nane wakaanza. Katikati, Wegesa huyo! Simu yako ikalia, Baba Nyangeta, na wale wakubwa hawakutikisika. Mimi naongea na Butiama, mtoto anaongea na Arusha, waya mmoja! Mimi wa darasa la saba nimesimama hapo kama meneja. Ungekuwepo ungesema, "Huyo ndiye mwanangu," kana kwamba ulimzaa peke yako.

Jana wamempigia, kapata. Kapigiwa kwa simu yako, unasikia? Nilipokea mimi. Nikasahau, nikakohoa kwanza.

Lakini asubuhi bado napapasa upande wako, mkono unakuta meza tupu. Ndiyo maana situlii. Nyumba imejaa sauti na mimi nazunguka natafuta yako.

Nakuahidi laini hii haikatwi nikiwa hai. Itakuwa inalia, na itapokelewa, hata kama anayepiga ni Wegesa na maneno yake. Pumzika, mume wangu. Nyangeta anasema atakusimulia mwenyewe, kwa Kiswahili, usihofu. Siku tumekubaliana na dada yako: tunakuja wote, wa Musoma na wa Bunda, mpaka fundi nimemwalika, tuje kukuwekea msalaba Jumamosi hii, misa ikiisha.