Kontrola ya Pili

Chumba namba 14, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, tarehe 16 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Kabla ya lolote, hujambo wewe? Kile kifua kimepona? Mama aliitazama ile picha uliyopigwa ukiwa juu ya kreni, akasema umekonda. Nikamwambia mtu akipigwa picha kutoka chini lazima aonekane mwembamba. Hakuridhika. Kula, Kaka.

Sisi huku ni wazima wa kuungaunga. Mwanangu mdogo anaota meno, kwa hiyo nyumba nzima inaota meno. Shemeji yako yuko palepale kwenye tanuri la mikate, anaingia mimi nikitoka, tunapishana mlangoni kama walinzi. Na mimi niko palepale kwenye chumba cha pasi cha hoteli, shuka juu ya shuka, mpaka mikono imezoea kukunja kila inachokishika. Karatasi hii nilikuwa nimeshaikunja mara nne kabla sijaandika neno, ndiyo maana ina mistari.

Chiriku ametimiza miaka sita, na hilo jina la utani ulilompa kwenye simu limemkaa kama ngozi. Juzi mwalimu wake ameniambia kwa upole kwamba mtoto ni mwerevu ila darasa nalo lingependa kupumua.

Mama goti limetulia kidogo tangu ahamie kwetu. Ngazi anazipanda huku akizisema moja moja, kama watoto watukutu.

Sasa, Kaka, kaa chini. Kama uko juu ya kreni, shuka kwanza ndipo uendelee.

Mama alikuja na lile sanduku la bati. Wiki iliyopita alinituma nimtolee blanketi, na chini kabisa nikakuta kitu kizito kimefungwa kwenye shati la shule la Nukta. Shati lile la darasa la pili, ambalo mdogo wetu hakulivaa vya kutosha hata kola ikachakaa. Nililifungua nikakuta mashine ya gemu. Mashine yetu, na ile kaseti yetu moja ikiwa bado imechomekwa, na kontrola zote mbili.

Miaka kumi na miwili nilidhani Mama aliitupa baada ya msiba. Najua na wewe ulidhani hivyo.

Sikutaka kuiwasha. Nakuambia kweli, nilitaka kuirudisha palepale na kufunika. Lakini Chiriku alikuwa ameshaona, na Chiriku akishaona kitu, jengo zima limeona. Jioni hiyo hiyo fundi televisheni wa ghorofa ya chini akapanda na televisheni yake ya zamani yenye kisogo kinene, akatuunganishia nyaya huku akicheka. "Dada, hiki si kifaa, hiki ni kisukuku," akasema. Haikuwaka. Nikaichomoa kaseti, nikaipuliza, nikairudisha, ikawaka. Fundi akanitazama kama mganga.

Ukasikika ule muziki. Nilikuwa nimekaa, nikajikuta nimesimama.

Unakumbuka yote, sina haja ya kukusimulia, ila niache nisimulie. Gemu la ile filamu ya mji uliofukiwa mlimani, tuliyoitazama kwa jirani mpaka mkanda ukakwaruzika. Yule mpanda mlima tuliyembatiza Mzee wa Kamba, maana kwenye gemu hakuwa na uso, alikuwa kofia na kamba tu. Na yule mtoto mbeba taa. Kwenye filamu wanamwacha pangoni, na Nukta kila tukifika hapo alikuwa akitoka nje mpaka tumwite. Lakini kwenye gemu haachwi. Mlango wa kutokea pangoni haufunguki mpaka wote wawili wafike. Ndiyo maana alilipenda gemu kuliko filamu.

Na unakumbuka ile kontrola ya pili. Panya waling'ata waya wake, ukaufunga kwa utepe mweusi, ukajaribu, Mzee wa Kamba hakusogea. Ukasema imekufa. Tukampa Nukta aishike ili atulie, tukamwambia yeye ndiye taa. Alikuwa anaminya vile vibonye kwa bidii, ulimi nje, na sisi tunakonyezana juu ya kichwa chake. Mimi nilicheka kuliko wewe. Hilo nililiweka moyoni, leo naliandika.

Jumamosi nilirudi kutoka kazini saa tisa mchana, miguu imevimba. Mdogo amelala, Mama amejinyoosha chumbani, Chiriku nikadhani yuko kwa jirani. Nikasema niketi dakika tano tu. Nikaiwasha.

Vidole vilikumbuka vyenyewe, Kaka. Kichwa kilikuwa kimesahau, lakini kidole gumba kilijua wapi pa kuruka, wapi pa kungoja jiwe lipite. Daraja la kamba, nikavuka. Maporomoko, nikavuka. Nikaingia pangoni na mbeba taa akatokea nyuma yangu.

Akatembea nyuma yangu mpaka kwenye shimo la kwanza. Mimi nikaruka. Yeye akasimama ukingoni.

Nikamngoja. Akaendelea kusimama na taa yake. Nilivyosogea mbele giza likanimeza, nikaanguka. Nikarudia, akasimama tena palepale. Nikasema kaseti ina vumbi, mashine imepata joto. Na maneno hayo yalipotoka kinywani mwangu nikayatambua, maana ndiyo tuliyokuwa tukisema siku zile kila Nukta alipokuwa kliniki kwa maradhi yake. Hebu jiulize, Kaka. Ni lini tuliwahi kuvuka pango yeye akiwa kliniki? Mimi nimejiuliza tangu jana. Sikumbuki hata mara moja. Tulikuwa tukisema tu kwamba mtoto ana nyota.

Mara ya tatu nikaruka, nikageuka kumtazama. Mbeba taa akaruka shimo.

Sikugusa kitu. Naapa sikugusa kitu. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Nukta?"

"Si Nukta, ni mimi," sauti ikatoka chini ya meza.

Kaka, nusura nimwage mkojo. Nikainama. Chiriku amekaa huko na mdoli wake, ametandika kijigauni sakafuni, na ile kontrola ya pili anaikokota juu yake, anaminya kibonye na kusema "shshsh", anaminya tena, "shshsh". Nikamuuliza unafanya nini. Akanijibu kwa ile sauti yake ya mtu aliyechoka na maswali ya wajinga, "Napiga pasi, Mama. Kama wewe. Hapa ndipo mvuke unapotokea."

Nikamwambia minya tena huo mvuke. Akaminya. Kwenye kioo, taa ikaruka.

Nikaichomoa kontrola, mbeba taa akatembea mpaka ukingoni, akasimama. Nikaichomeka, Chiriku akaminya, taa ikaruka. Nilirudia mara nane, mpaka mtoto akaniambia nguo zimeshanyooka.

Haikuwa imekufa. Haikuwa imekufa hata siku moja. Kazi yake ilikuwa pangoni tu, na kumsogeza yule mtoto tu, na sisi tulikuwa tunamtazama Mzee wa Kamba.

Najua unafikiria nini sasa hivi, kwa sababu nami nilifikiria hilo hilo. Ile Alhamisi. Ulikuwa na mtihani kesho yake, umeanguka pangoni mara ya tano, na Nukta akakuambia, "Pole Kaka, mimi ndiye niliyechelewa kuruka." Ukamwinulia ule waya mbele ya macho. Ukamwambia, "Hii imekufa. Hujawahi kucheza hata siku moja." Hakulia. Aliuzungusha waya kwenye kontrola vizuri, akaiweka chini, akaenda kulala mapema. Ijumaa Mama akampeleka hospitali. Jumapili hakuwepo.

Kituoni, siku unaondoka, uliniomba nisimwambie Mama ulichomwambia Nukta. Sijamwambia. Nimeifunga hiyo siri miaka yote hii, na nimeona ulivyoogopa kurudi, kila mwaka sababu mpya. Nilikuwa nakaa na wewe upande mmoja na Mama upande wa pili, kila mmoja akiniuliza habari za mwenzake.

Sasa usiishie hapa. Usikunje barua. Kuna jambo moja limebaki, na ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kulala.

Unakumbuka mbeba taa alivyokuwa akifika ukingoni, kabla ya kuvuka anaruka palepale, mara tatu, hop hop hop? Tulidhani ndivyo gemu lilivyotengenezwa. Wewe ulikuwa ukimwigiza mezani mpaka Mama anakukemea. Basi jana, Chiriku akicheza, mbeba taa hakurukaruka. Anavuka tu. Nikamngoja kila shimo arukeruke, na kila shimo anavuka tu, na mimi pale nimekaa, natazama kitu ambacho hakipo.

Mama alikuwa ameamka. Sijui alisimama mlangoni muda gani. Alikuja na goti lake, akaketi kando ya Chiriku, akamwambia, "Hebu nipe, mjukuu wangu." Akaishika kontrola vibaya, juu chini, Chiriku akaigeuza. Tulipofika ukingoni, Mama akaminya mara tatu. Taa ikaruka palepale, hop hop hop. Kisha akavuka.

Nikamgeukia. Akanitazama.

"Mlidhani nani alikuwa anaruka?" akaniuliza.

Alijua, Kaka. Alikuwa akisimama mlango wa jikoni na kitambaa cha sufuria, anamtazama Nukta mikono, si kioo. Alimuuliza Nukta mwenyewe, na Nukta akamwambia anaruka mara tatu ili Kaka ajue yuko nyuma yake. Mama alidhani sisi tunajua na tunamtania tu, kama watoto wanavyotaniana.

Nikavunja ahadi yangu. Nikamweleza ile Alhamisi. Naye akanisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari ya zamani, akasema, "Aliniambia."

Nayaandika maneno yake kama yalivyo, maana sitaki nikosee. Alisema: Jumamosi pale wodini aliamka vizuri, akaomba maji, akaniambia, Mama, Kaka anasema kontrola yangu imekufa. Hajui tu. Nikirudi nitasimama ukingoni nisiruke, mpaka aniite mwenyewe. Kisha akacheka mpaka akakohoa, nikamwambia anyamaze atawaamsha wenzake.

Ndivyo alivyoondoka. Hakuondoka na neno lako moyoni. Alikuwa anapanga kukuchezea.

Mama akaniuliza, "Kwa hiyo hilo ndilo linalomzuia?" Nikasema ndiyo. Akasema yeye alidhani unamkwepa yeye, kwa kuwa Jumatano ile mwili wa mtoto ulishaanza kuchemka, naye ndiye aliyesema tungoje mpaka Ijumaa, siku ya kliniki. Miaka kumi na miwili, Kaka. Wewe kule umejifungia na lako, yeye huku amejifungia na lake, na funguo zote mbili ziko mfukoni kwa mtoto aliyekuwa anacheka.

Mimi si msomi na sijui kupamba maneno, kwa hiyo nakuambia wazi. Usinijibu kwa kifurushi. Usitume picha. Usiniambie msimu huu kazi imebana. Kreni itapata mtu wa kuiendesha siku kumi. Njoo, umwambie Mama kwa mdomo wako kwamba humlaumu. Mimi nimechoka kubeba salamu ambazo ndani yake hakuna salamu.

Jana hatukumaliza pango. Tulifika karibu na mlango, mdogo akaamka na meno yake, nikaiacha kontrola ya kwanza chini nikaenda kumnyonyesha. Niliporudi, Mama hakuwa ameinuka. Alikuwa bado ameishika ya pili, na kwenye kioo yule mtoto amesimama ukingoni na taa yake, hajaruka. Nikasema, Mama, vuka basi. Akanijibu, "Hajaitwa."

Shemeji yako anakusalimu kwa mikono yenye unga. Fundi televisheni anakusalimu ingawa hakujui, keshaambiwa yote na Chiriku. Chiriku anasema ukija usimkalie mdoli. Mama hakutuma salamu safari hii. Amesema atakupa mwenyewe.

Mungu akushike mkono huko juu, akushushe salama, akuelekeze nyumbani.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na ninayekungoja,

Mama Chiriku