Habari Ambayo Bibi Hajaletewa

Rubona, Gisenyi,
Wilaya ya Rubavu,
Rwanda.
17 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Kankindi,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, na kwamba goti lile limekuachia upande kilima cha kanisani bila kusimama njiani. Mzee Wellars anaendeleaje na kifua chake? Uwimana amemaliza mitihani? Kahawa yenu ilikauka vizuri, au mvua za Bukoba nazo zimekuwa kama zetu, zinakuja bila kukubaliana na mtu?

Sisi huku tu wazima wa mwili. Baba anakwenda kazini, Mama anauza vitenge vyake. Mashua zimeanza tena kutoka baada ya miezi ile ya kufungiwa uvuvi, na sambaza, dagaa wetu wa ziwani, wamerudi sokoni. Ningependa kuishia hapa nikuage, barua iwe fupi na safi. Haiwezekani.

Mwezi uliopita uliniandikia kwenye simu: "Ikirezi, hiyo sauti si ya Kampire?" Niliusoma ujumbe nikiwa kwenye basi, nikazima simu. Tangu hapo kila nikiliona jina lako napita kama mtu anayemkwepa mdai njiani. Wewe ndiye uliyenilea miaka yote ya shule ya msingi, ukanifundisha kwamba mtu akikuuliza unamjibu. Nakujibu sasa. Ndiyo, ni sauti ya Kampire, mjane wa mdogo wako Théoneste. Aliyoyasema ni kweli. Na aliyeyatoa nje ni mimi.

Nianze na utafiti wenyewe. Mwaka huu wa mwisho chuoni tulipewa kazi ya makundi kuhusu mabadiliko ya tabianchi na haki za binadamu, na kundi litakaloshinda lingekwenda kuwasilisha Kigali. Kundi letu la watu wanne lilichagua mafuriko ya mto Sebeya ya Mei mwaka jana. Mmoja alichukua haki ya makazi, mwingine maji safi, na rafiki yangu Larissa akachukua haki ya chakula, ya wale waliopoteza mashamba yao Rugerero. Mimi nilitaka kitu ambacho hakuna mwingine angekifikiria. Nikachukua haki ya kuzika na kuwakumbuka wafu. Mwalimu alisema ni wazo zito, nami nikarudi bwenini na furaha ambayo leo nikiikumbuka siipendi.

Nilishajua nitakwenda kwa nani. Unakumbuka kwamba Théoneste tulimzika Rugerero, kwenye yale makaburi ya chini, karibu na mto. Sebeya ilipofurika ilichukua upande wote wa chini, misalaba, udongo na waliokuwamo. Maji yalipopungua palibaki tope na mawe. Wewe hukuambiwa, Shangazi. Habari hii ulipaswa kuipata ukiwa umeketi, na mtu amekushika mkono. Badala yake uliipata kwenye simu ya Uwimana, pamoja na muziki ambao niliuweka mimi mwenyewe chini ya sauti ile ili watu waguswe zaidi.

Bibi naye hakuambiwa. Presha yake ilikuwa imepanda mwaka ule, na daktari wake kule Goma anakoishi alikuwa amekataza habari za kumshtua. Lakini unajua kwamba kila tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu wote, Bibi huvuka mpaka kuja kumwombea mwanawe, na siku ilikuwa inakaribia. Macho yake unayajua pia, anaona mwanga na vivuli, basi. Kwa hiyo likainuliwa tuta la udongo kule juu ambako maji hayakufika, ukasimikwa msalaba, na Bibi alipofika akapelekwa hapo. Aliweka kiganja juu ya udongo akaomba hadi rozari ikaisha. Chini yake hamkuwa na mtu.

Mimi ndiye niliyemshika mkono kumpandisha. Nikamwambia, "Ni hapa, Bibi."

Sasa nikueleze nilivyoipata sauti. Nilikwenda kwa Kampire akiwa anaanika sambaza. Nikamweleza utafiti, nikampa karatasi ya kuonyesha kwamba ameridhia. Aliitazama karatasi, kisha akanitazama mimi kwa muda.

"Bon," akasema, "we ni mutoto wa hapa nyumbani. Nitakukatalia namna gani?"

Akatia sahihi. Wakati ule nilisikia mtu aliyekubali. Leo najua alishindwa tu kunifukuza. Mjane wa mdogo atamfungiaje mlango binti wa shemeji mkubwa? Hilo silijui kwa kusoma vitabu, nimekua nalo. Sahihi ninayo hadi leo, na Mwalimu ananiambia kwamba kwa sababu yake sina kosa lolote. Sijui kama kuna kitu kinachoniumiza kuliko maneno hayo ya kunituliza.

Kampire alizungumza sana siku ile. Alilia, halafu akacheka, alipokumbuka kwamba Théoneste alivua samaki maisha yake yote bila kujua kuogelea. "Alikuwa anasema maji ni ya samaki, yeye ni mugeni tu." Hilo sikuliweka. Niliweka lile la Bibi: "Mama mukwe anaombea udongo bure, na mimi niko nyuma yake, naitika amina." Aliposema hivyo, papo hapo, kabla hata hajapangusa machozi, niliwaza kwamba kundi letu litashinda.

Kuna jingine, Shangazi, na ndilo linalonifanya nishindwe kumtazama mtu usoni.

Tulikuwa na dakika tatu tu za kuwasilisha sauti, kwa hiyo ilibidi nikate. Hiyo ni kweli, ila si kweli yote. Katika mazungumzo yale Kampire alisema pia ni nani aliyeamua. Alisema yeye hakutaka tuta lile. Alipiga magoti kumwomba shemeji yake mkubwa wamwambie mama ukweli, na shemeji akamjibu kwamba mambo ya ukoo yataamuliwa na wenye ukoo. Shemeji huyo ni kaka yako Mutabazi, baba yangu. Kipande hicho nilikisikiliza mara nyingi, kisha nikakiondoa, kikabaki kwenye simu yangu tu. Kilichobaki ni mwanamke mmoja, peke yake, akikiri kwamba anamdanganya mama mkwe asiyeona.

Jina lake nililibadilisha, kama tulivyofundishwa. Nilimwita Mama Grâce, nikajiona mwangalifu sana. Kana kwamba hapa Rubona, ambako mashua ikiwa bado gizani watu wanajua ni ya nani kwa nyimbo za waliomo, mtu anajificha kwa kubadilishiwa jina!

Kundi letu lilishinda. Kazi ikawekwa mtandaoni, na sauti ikaanza kupita simu hadi simu. Kampire aliisikia kwanza kwa kutaniwa bandarini na wauza samaki wenzake. "Eh, Mama Jado, siku hizi we iko star! Tunakusikia mu telefone, fanta yetu iko wapi?" Alicheka nao, hakuelewa. Mpaka mmoja wao akamchezea. Wanasema aliweka beseni chini akaondoka bila samaki wake. Haya nimeyapata kwa Jado, mwanawe, anayeendesha moto, pikipiki ya abiria. Alinieleza, kisha nilipotaka kupanda akasema, "Panda ya mwingine, dada," akawasha akaenda.

Goma haikuchelewa. Binti wa jirani wa Bibi alikuwa akiicheza uani, na Bibi akaijua sauti kabla sentensi ya kwanza haijaisha. Wewe unajua mkataba wa wale wawili tangu Théoneste afariki. Kampire anatuma beseni la sambaza kwa wanawake wanaovuka petite barrière, lile lango dogo la mpakani, asubuhi, Bibi anauza kibarazani kwake Birere, na wanagawana. Siku ya pili yake beseni lilirudi limejaa, samaki wameanza kunuka, limefunikwa kitenge kilekile lilichoondoka nacho. Hakuna neno lililoambatana nalo. Wanawake wote wa mpakani waliliona likirudi, na jioni Rubona nzima ikajua kwamba Kampire amekataliwa na mama mkwe.

Tarehe mbili Novemba Kampire alikwenda kumngoja Bibi mpakani. Alisimama pale hadi mchana na kitenge chake cha kanisani. Bibi hakuvuka.

Nilimwomba Baba aende akaseme. Alikuwa anakula. Akasema, "Wewe si umeshasema? Dunia nzima imesikia. Mimi niongeze nini?" Baadaye, kwa sauti ya chini, akasema Kampire atasamehewa, wanawake hawakai na hasira. Nilimtazama nikaona kwamba naye haamini. Anaona aibu, Shangazi, ile aibu ya wanaume inayovaa sura ya hasira. Niliitambua kwa sababu nilikuwa nimeibeba ileile kwa sura nyingine, ya msomi aliyebanwa na dakika tatu.

Wiki iliyopita nilivuka peke yangu. Bibi alikuwa ameketi kibarazani akichambua maharagwe kwa vidole. Aliitika salamu yangu kama anavyoitikia mpita njia. Nikamwambia nimekuja na maneno yote ya Kampire, yale niliyoyatoa nje na yale niliyoyaficha, nikaomba ayasikie. Aliendelea kuchambua. Nikayacheza. Ilipofika sehemu ya kupiga magoti vidole vyake vikasimama juu ya ungo. Ilipokwisha nikamwambia kwamba niliikata mimi, na kwa nini niliikata.

Alisogeza ungo pembeni. Kisha akasema, "Mutabazi ni mutoto wangu. We ni mutoto ya Mutabazi. Na Kampire ni mutoto ya nani?"

Nimeandika kurasa arobaini kuhusu haki za watu, na swali hilo sikuwa nimejiuliza.

Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza. "Ngoja. Ile habari mi sijaletewa. Niliisikia tu, kama bei ya mafuta mu soko. Mutoto wangu amepotea mara ya pili, na hakuna mutu amekuja kuniketisha akaniambia. Mutabazi akuje, yeye ndiye mukubwa, aseme na kinywa chake. Kankindi akuje. Halafu ndio nitalia."

Tangu siku aliyoisikia hajalia, Shangazi. Jirani yake amenithibitishia. Anachambua maharagwe, anasali, anakaa.

Kuhusu Kampire, Bibi alisema siku watakapokuja atakaa ubavuni pake, si upande wa wanaokuja kusema. Na kwamba samaki wasingoje siku hiyo, awatume kesho asubuhi. Nilipouliza na mimi je, alisema, "We utakuja. Iyo telefone ibaki kwenu." Nilipiga magoti kuaga, lakini hakunishika kichwa kunibariki kama siku zote. Alirudi kwenye maharagwe yake.

Kutoka mpakani nilikwenda moja kwa moja kwa Kampire. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama nje. Alisikiliza akiwa ameshika ubao wa mlango. "Bon. Nimesikia," akasema. "Lakini usiingie leo." Akafunga. Huwezi kuamini, lakini nilifarijika kwamba alifunga. Kesho yake nilisikia kwamba beseni limevuka, na halikurudi.

Sauti nimeomba iondolewe, wameiondoa, ingawa iliyokwisha kuingia kwenye simu za watu siwezi kuifuata. Wenzangu watakwenda Kigali kuwasilisha utafiti mwezi ujao. Sehemu yangu nimeitoa, na Mwalimu hajafurahi. Larissa hakuniuliza kitu. Alinisaidia tu kupanga upya kurasa ili pengo lisionekane.

Sasa nije kwa kilichonishikisha kalamu. Nilipompa Baba maneno ya mama yake hakumaliza chakula. Juzi aliniuliza, akiangalia pembeni, "Kankindi ataweza kuja?" Anasema hawezi kuingia nyumba ile bila wewe. Nadhani anaogopa kusimama mbele ya mama yake akiwa peke yake, na sina haki ya kumcheka. Kwa hiyo yote yanakungoja. Kampire anatuma samaki lakini yeye mwenyewe hajavuka, anasema hawezi kumkabili mama kabla wenye neno hawajalisema. Usipokuja Baba haendi, na Baba asipoenda Kampire atabaki kuwa mwongo wa familia kwa jambo aliloliomba lisifanyike.

Tumefikiria Jumamosi ya tarehe saba Desemba. Ukifika Ijumaa utalala kwetu, na asubuhi tutavuka pamoja. Najua ni safari ndefu na goti lako halipendi mabasi. Najua pia kwamba una haki ya kunikasirikia, maana Théoneste alikuwa mdogo wako kabla hajawa mada yangu. Kama unataka kunigombeza, nigombeze ukifika. Nitakuwa nimeketi karibu, nisikie vizuri.

Msalimie sana Mzee Wellars, na Mugisha mwambie shati aliloniagiza nimelipata. Uwimana mpe pole yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuonyesha na huenda anadhani amekosea. Hakukosea. Mama anakusalimu, na Baba pia, ingawa hakuniambia nikusalimu.

Mungu akushike njia nzima, akulinde na mvua za milimani, akufikishe Gisenyi salama. Njoo, Shangazi. Bibi anakungoja ili alie.

Ni mimi mtoto wako, nikupendaye hata ninapoogopa jibu lako,

Ikirezi