Mume wa Redioni

Tabora, 9 Juni 1974

Dada Tatu,

Shikamoo. Sisi wazima, karanga tumevuna vizuri, na mimi nimemaliza kisomo cha watu wazima! Hii ndiyo barua yangu ya kwanza. Zile nyingine zote aliandika mume wangu, Yahaya. Ile iliyosema usije kunitazama nilipojifungua sikuitunga mimi, dada. Nisamehe.

Sasa sikia! Kila Alhamisi jioni tunakusanyika kwa jirani yetu Siwema kusikiliza mchezo wa redio. Kuna mume mle, mkewe akienda kisimani anamhesabia dakika, kwa mama yake hamruhusu, na kila mara anasema, "Ni mapenzi tu." Yahaya hakosi hata siku moja. Juzi akaruka kitini: "Mume gani huyu! Kamfunga mwenzake kama mbuzi!"

Siwema akamwuliza, "Shemeji, na mkeo Swaumu kwao alikwenda lini?"

Yahaya akacheka, akanitazama nijibu kama alivyonizoesha. Mara hii, dada, nikasema kwa sauti, "Tangu anioe, miaka minne, sijakwenda."

Yahaya aliinama mpaka mchezo ukaisha. Njiani nilimwambia nakwenda kwa mama, sikumwomba. Akasema, "Watu watanionaje?"

Nikamjibu, "Kama walivyokuona leo."

Siwema amenikatia tiketi ya treni. Jumamosi nashuka Kaliua, mtoto mgongoni. Mwambie mama asishtuke kuniona nimekonda. Nacheka peke yangu tangu asubuhi!

Mdogo wako,
Swaumu