Hodi ya Bibi

Mafubira, Jinja
12 Juni 2024

Kwako Bibi yangu mpenzi, Ujiji,

Shikamoo Bibi. Goti limepoa? Na yule jogoo mkorofi, bado anakufukuza uani? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baba anauza dagaa mwaloni Masese, mama analalamikia matoke, na mimi nimekukumbuka mpaka nakereka.

Huku wasichana tunawasalimia wakubwa kwa kupiga magoti, hata kwenye tope. Mimi nimeshazoea, sketi ndiyo haijazoea.

Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, ni Jaja Nabalayo, mzee wa Mbale. Huku bibi ndiye jaja. Wiki ya kwanza nilimpelekea maji, nikabisha hodi kwa sauti kama ulivyonifunza. Masikini! Alipiga komeo akajificha nyuma ya kabati. Mjukuu wake, Ketty, akanieleza kwamba zamani, enzi za wanajeshi, waliomchukua mumewe kule Mbale walikuja wakisema Kiswahili, nao walianza kwa hodi. Mume hakurudi.

Roho iliniuma, Bibi. Nikajiapiza kwamba Kiswahili changu hatakisikia tena. Uani nikawa nababaisha Kisoga, lugha ya huku, namchotea maji, namchambulia maharage. Akanizoea. Sasa ananiwekea malewa, machipukizi ya mianzi ya kwao, kwa mchuzi wa karanga. Usicheke, ni matamu.

Basi nikuambie ukweli, ndiyo maana nimeandika. Simu zako kukatika si mtandao. Simu ya mama hushinda kwangu, na ni mimi nilikuwa nazikata. Wewe hata kwenye simu unabisha hodi, tena kwa sauti ya kuamsha mtaa, na ukuta wetu ni mwembamba. Nilikuwa nakata, halafu naenda kulia chooni. Nisamehe, Bibi.

Ijumaa Jaja alinikuta nakata. Akauliza ni nani, nikamwambia. Akanigombeza kwa Kiswahili, Bibi, Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, kwamba nisimwache bibi yangu nje. Ameagiza upige Jumapili ya kwanza ukishapata barua hii, alasiri, nipokelee nyumbani kwake, naye awe amekaa pembeni yangu.

Nisalimie shangazi Ramula, na jogoo pia mwambie nipo.

Ila Jumapili, Bibi yangu, usibishe hodi. Wewe ingia tu, mlango utakuwa wazi.

Mjukuu wako anayekukumbuka,
Juwairiya